Mwaka wa Kupaka Nta

Fundi Shabani alizikwa Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri, na mimi nilipata habari asubuhi ileile nikiwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi. Aliyenipigia simu ni binti yake wa mwisho, Mwajuma, ambaye nilimfahamu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni na sasa ana watoto wake mwenyewe. Alisema, "Shangazi, baba ametutoka alfajiri. Mama kasema na wewe uambiwe." Nilimpa pole, nikazima jiko, nikakaa kwenye kigoda na kile chakula kikapoa palepale. Maneno yaliyonikaa kichwani hayakuwa ya kifo chenyewe, kwa maana mzee alikuwa ameugua muda mrefu na mji mzima ulijua. Yaliyonikaa ni hayo ya mwisho, kwamba na mimi niambiwe, kana kwamba kulikuwa na shaka, na Bi Zuhura mkewe ndiye aliyeimaliza.

Nilitoka Itetemia kwa bodaboda mpaka Tabora mjini, nikavua viatu mlangoni, nikaingia chumba walichokaa wanawake. Ni chumba nilichokijua. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya na dirisha lilikuwa limewekwa nondo, lakini sakafu ilikuwa ileile ya saruji nyekundu iliyopasuka karibu na kizingiti, na mimi niliwahi kula juu ya sakafu ile karibu kila siku ya kazi kwa miezi minane. Bi Zuhura alikuwa ameegemea ukuta, amejitanda kanga. Alinishika mkono, akasema, "Umekuja, Resti," basi, akauachia. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu, mgeni kutoka Ujiji, aliniuliza kwa upole kama mimi ni ndugu au jirani. Nilimjibu kwamba zamani nilifanya kazi na marehemu. Akauliza kwa muda gani. Nikasema mwaka mmoja. Alitikisa kichwa kwa adabu, akageukia upande mwingine, na nadhani alijiuliza kwa nini mtu wa mwaka mmoja analia vile.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa stoo katika karakana ya mbao ya Mzee Msabila. Ilikuwa kando ya barabara ya zamani ya kwenda Kwihara, ile ambayo wazee wa mji bado waliiita njia ya misafara, banda refu la bati lenye mashine tano. Kulikuwa na msumeno wa duara, msumeno wa mkanda, mashine ya kuranda, mashine ya unene inayosawazisha mbao, na mashine ya kukereza miguu ya vitanda. Siku za kazi usingeweza kumsikia mtu aliyesimama kando yako. Vumbi la mninga lilitukaa nywelini na kwenye kope, na nilipokwenda kusali Jumapili watu walinijua kwa harufu kabla hawajageuka. Kisha mwezi wa kumi Mzee Msabila akavimba miguu, akaambiwa ni figo, na watoto wake wakamchukua kwa treni kwenda Dar es Salaam kutibiwa. Mafundi waliambiwa wapumzike mpaka atakaporudi. Umeme ukakatwa. Tukabaki wawili, mimi kwa sababu nilishika funguo, na Fundi Shabani kwa sababu alikataa kuondoka. Stesheni, Mzee akiwa ameshakalishwa ndani ya behewa, alitoa mkono dirishani akamwambia, "Shabani, mashine nakuachia wewe. Nikirudi tunawasha." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na mfuko wa machungwa, nikayasikia.

Fundi Shabani wakati huo alikuwa amepita hamsini kidogo, mtu mwembamba, mtaratibu, aliyevaa kofia ya kitambaa iliyokuwa nyeupe zamani. Wiki ya kwanza nilidhani tutakaa tu kibarazani tukilinda mlango. Yeye alifika asubuhi saa moja na nusu kama siku zote, akanikuta nimeketi, akaniuliza kama nimepumzika vya kutosha. Mvua zilikuwa zinakaribia, na banda la bati wakati wa masika hutoa jasho kwa ndani kama sufuria iliyofunikwa. Mashine inayofanya kazi, aliniambia, inajisafisha yenyewe kwa mbao zinazopita juu yake, lakini iliyolala haina wa kuitetea. Akanifundisha. Kwanza unaondoa vumbi lote la mbao kwa brashi na kitambaa, mpaka kwenye pembe zisizoonekana, maana vumbi lile linanyonya unyevu hewani na kuulaza juu ya chuma. Kisha unafuta kwa mafuta ya taa. Kisha nta. Tulinunua nta ya nyuki kwa wauza asali sokoni, tukaiyeyusha ndani ya kopo lililokaa kwenye maji ya moto, mbali na jiko, tukaichanganya na mafuta ya taa mpaka ikawa laini kama samli. Unaipaka kidogo, unaiacha ikauke, unaisugua kwa gunia mpaka meza ya mashine inang'aa na kiganja kinateleza.

Oili ya gari aliikataza kabisa mezani, kwa sababu huingia kwenye mbao na baadaye vanishi haishiki. Grisi ilikuwa ya beringi tu. Kwenye skrubu ndefu zinazopandisha na kushusha meza hakutaka hata hiyo, maana hukamata vumbi na kuwa ugali. Huko tulipaka nta kavu, au unga mweusi wa ndani ya penseli, ambao mimi niliusaga kwa chupa. Na kila Jumatatu tulizungusha kila mashine kwa mkono, yeye upande mmoja mimi upande mwingine, ili beringi isilale upande mmoja miezi mingi ikajichimbia mahali pake. Niliuliza kama hayo yote ni ya lazima kwa mashine ambazo hazina hata umeme. Hakukasirika. Alisema Mzee atakaposhuka kwenye treni atataka kusikia msumeno siku ileile, na yeye hataki kumwambia asubiri.

Mchana tulikwenda kula kwake, hatua chache kutoka karakana. Bi Zuhura alipika ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akayaunga kwa karanga, na siku nyingine matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na chai. Mimi nilikuwa Mkatoliki wa kutoka Tura, sina mtu mjini, na alinipa bakuli langu mwenyewe lenye maua ya buluu. Ni wao walioacha kuniita Karani kama walivyoniita wote karakana, wakaanza kuniita Resti. Nyumba ilikuwa na ukuta mwembamba, na siku moja nikiwa uani nanawa mikono nilimsikia Bi Zuhura akimuuliza mumewe ndani kwa sauti ya chini mpaka lini atakwenda kufuta vyuma vya mtu mwingine kwa posho isiyotosha. Fundi akamjibu kwamba yeye alizikuta mashine zile ndani ya makasha, akazifunga kwa mikono yake, na hakuna mtu mwingine katika mji huu anayejua kila moja inavyolia ikiumwa. Nilijikohoza ili wajue nipo.

Barua ilikuja mwezi wa kwanza, mvua ikiwa imeshiba. Iliandikwa na mtoto mkubwa wa Mzee, Gervas, na bahasha ilikuwa na jina langu. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye mashine ya kuranda, kiganja cha kushoto kimeegemea mezani. Alinieleza kwamba baba yao hawezi tena kusimama na madaktari wamesema hatarudi Tabora. Familia imeamua kuuza. Mnunuzi amepatikana, mtu wa Shinyanga, ambaye atakuja kuchukua mashine kiangazi, na sharti lake ni kwamba zisiwe na kutu. Kwa hiyo, aliandika, nisimwambie Fundi Shabani chochote, kwa sababu akijua ataacha kuzitunza na biashara itaharibika. Mwishoni aliongeza kwamba amemwomba mnunuzi anichukue na mimi, niwe karani wa stoo kule Shinyanga.

Nimekuwa na muda mrefu wa kujiuliza kwa nini nilinyamaza. Wakati ule nilijiambia ni huruma. Nilimwona mzee yule anavyofika asubuhi amejipanga, nikajiambia kwamba nikimwondolea kile anachokingojea hatakuwa na sababu ya kuvaa kofia yake. Hilo lilikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli pia kwamba sikuwa na mahali pa kwenda isipokuwa Tura, kukaa nyuma ya stesheni nikiuza karanga kwa abiria, na barua ile ilikuwa imenionyesha mlango mwingine. Niliikunja ndogo, nikaiweka chini kabisa ya boksi la misumari. Siku nne baadaye Fundi Shabani aliniita kwenye mashine ya kuranda. Juu ya meza, mahali niliposimama kusoma, palikuwa na alama ya kiganja kizima, vidole vitano vya kutu nyekundu. Alinieleza kwamba wapo watu ambao jasho lao linakula chuma, si kosa lao, na kwamba mimi lazima nifute kila ninapogusa. Aliniuliza siku ile niliegemea hapo nikifanya nini. Nikasema nilikuwa nimechoka. Alichukua msasa laini, akasugua taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka mkono wangu ukatoka.

Mwezi wa tatu alikuja mgeni kutoka Ulyankulu, mwalimu wa ufundi, mtu wa makamo aliyekuja kwa baiskeli na suruali imelowa tope mpaka magotini. Shule yao ilikuwa imepata mashine tatu za mbao na haikuwa na mtu wa kuzisimamia. Alizunguka banda letu kimya, akapitisha kidole kwenye meza ya msumeno, akakitazama kidole. Kisha akamwambia Fundi Shabani kwamba kazi ni yake akiitaka, na nyumba ipo, na shamba nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nimeketi stoo, mlango uko wazi, naorodhesha visu vya randa ambavyo nilikuwa nimeshaviorodhesha mara tatu. Fundi Shabani alimshukuru sana. Alimuuliza kama kazi inaweza kumsubiri mpaka mwisho wa mwaka. Mwalimu akasema hapana, muhula unaanza. Kisha Fundi akanigeukia mimi, kwa sababu barua zote zilipitia kwangu.

"Resti, Mzee hajaandika kitu?"

"Bado, Fundi," nilisema.

"Basi siwezi," akamwambia mgeni. "Nimeachiwa vitu vya mtu, na mwenyewe hajaniambia nisimngoje."

Mwalimu alikunywa chai, akaondoka na baiskeli yake. Wiki mbili baadaye tulisikia amepata fundi mwingine, kijana kutoka Nzega. Kesho yake Bi Zuhura alipika wali na nyama ingawa ilikuwa siku ya kawaida, akaniwekea mimi kipande kikubwa, na mimi nikala. Hadi leo nikikumbuka mwaka ule, jambo ninaloliona wazi kuliko yote ni mimi nikitafuna nyama ile.

Kiangazi kikaja, majani yakakauka, banda likaacha kutoa jasho. Mashine zilikuwa safi kuliko zilivyokuwa siku Mzee alipoondoka; ungeweza kujitazama kwenye meza ya msumeno wa duara ukafunga kitambaa kichwani. Lori lilifika asubuhi, mwezi wa sita, na wapakiaji sita na Gervas mwenyewe amekaa mbele karibu na dereva. Fundi Shabani alikuwa na kopo la nta mkononi. Alimwamkia Gervas kwa furaha, akamuuliza hali ya Mzee, na akachungulia ndani ya lori kana kwamba Mzee angeweza kuwa amekaa mle. Gervas alimvuta pembeni. Waliongea pale kwenye rundo la maranda ya zamani, sikuwasikia, nilimwona tu Fundi Shabani anasikiliza ameinamisha kichwa, mara moja akavua kofia, akaivaa tena. Kisha Gervas akasema kwa sauti, kwa kunipamba, kwamba dada Restituta amesaidia sana kutunza siri. Alidhani ananisifu.

Fundi Shabani alikuja nilipokuwa. Alinisogelea karibu ili wapakiaji wasisikie.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kwanza."

"Kabla ya yule mwalimu wa Ulyankulu?"

"Kabla."

Alinitazama, si kwa hasira. Kama angenitukana ningejua pa kuanzia. Aliuangalia uso wangu kama alivyozoea kuangalia ubao kabla ya kuupitisha, akitafuta ufa. Kisha akaiweka nta dirishani, akasema, "Haya, Karani. Nipe grisi. Nta haitoshi kwa safari." Na kazi ile aliifanya mpaka mwisho. Wapakiaji walitaka kuharakisha, akawazuia. Alipaka grisi nzito kwenye kila sehemu isiyo na rangi, kwenye meza, kwenye shafti, kwenye miguu ya skrubu, akafunika kwa karatasi za mifuko ya saruji, akafunga kwa magunia na kamba za katani, kila fundo akilivuta mara mbili. Mimi nilimpa karatasi moja baada ya nyingine. Lori lilipoondoka saa tisa alasiri alichukua ufagio, akafagia sakafu pale mashine zilipokuwa zimesimama, kwenye zile alama za mraba za saruji ambayo haikuwahi kuona mwanga, akaenda nyumbani.

Nilikwenda Shinyanga, nafasi nilikuwa nimepewa na sikuwa na ujasiri wa kuikataa. Karakana ya kule ilikuwa na kelele na watu wengi na hakuna aliyejua habari za Tabora. Walifungua magunia, wakafuta grisi kwa maranda, wakaanza kazi, na baada ya hapo sikuona mtu akishika kitambaa tena. Vikombe vya chai vilikaa juu ya meza ya kuranda na kuacha duara za kutu. Mtu mmoja alipoona mbao zinakwama alimwaga oili ya gari mezani, na milango miwili ya mninga ikatoka na madoa meusi. Nilinunua nta kwa hela yangu, nikaanza kupaka jioni baada ya kazi. Msimamizi aliniambia nirudi stoo, kila mtu na kazi yake. Mvua zilipoanza, bati lilivuja juu ya mashine ya unene na hakuna aliyeisogeza. Nilivumilia mpaka wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili. Kisha nikafunga mzigo wangu, nikapanda treni kurudi.

Njiani nilikuwa nimeshapanga kumwambia kwamba mashine ziko salama. Nilijirudia maneno hayo stesheni baada ya stesheni. Lakini nilipoingia uani nikamkuta ameketi chini anachonga mipini ya majembe kwa tezo, mipini ya mkono, ya kuuza sokoni, kazi ya mtu ambaye hana mashine. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, akanisogezea kigoda. Nikaona kwamba mara ya kwanza nilimfanyia huruma na huruma ile ilimchukulia nyumba na shamba na kazi ya Ulyankulu. Basi nikamweleza yote niliyoyaona Shinyanga. Tezo likasimama.

Aliniuliza moja baada ya nyingine, kwa mpangilio zilivyokuwa zimesimama bandani kutoka mlangoni. Msumeno wa duara una kutu rangi gani. Wa mkanda, magurudumu yake yanazunguka kimya au yanalia. Meza ya kuranda, ukipitisha ukucha juu yake unateleza au unakwama.

"Unakwama," nilisema.

"Imeshaingia ndani, hiyo." Alifikiri. "Ukirudi, waambie walaze mafuta ya taa usiku mzima. Asubuhi wasugue kwa stiliwaya, wapitie upande mmoja tu, wasizungushe. Ndipo nta. Bado inaponyeka."

"Sirudi, Fundi. Nimeacha kazi."

Alikaa na tezo juu ya magoti yake. Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na sinia, anatusikiliza.

"Basi hakuna wa kuambiwa," alisema.

Tulikula, watu watatu na watoto, na alinikaribisha kama anavyokaribishwa mgeni yeyote. Baada ya chakula alitawadha, akaenda msikitini kwa sala ya alasiri. Sikumsikia tena akitaja mashine, wala hakuwahi kusimama mbele ya nyingine maisha yake yote; alichonga mipini mpaka macho yalipokataa. Mimi nilipata kazi ya kushona, nikaolewa, nikajenga Itetemia. Tuliishi katika mji mmoja miaka yote hiyo. Tulikutana sokoni, harusini, misibani, akaniuliza habari za watoto, nikamuuliza habari za mguu wake uliomsumbua. Mara nyingi nilijiandaa kumwomba msamaha, na neno la kwanza lilikuwa mdomoni. Lakini kila nilipotaka kuanza, yeye alikuwa ameshaanza kuaga, na mimi nilimwacha aende.